TAHADHARI: Anayeuza "Parker Sonnet ya dhahabu" mtandaoni na kukutana na wateja Posta ni TAPELI

Jamani, naandika hili nikiwa na hasira mpaka kifua kinauma. Kuna mtu anauza kalamu za wino mtandaoni, anajitangaza kuwa na "Parker orijino mzigo mpya kutoka Uingereza", halafu anakupangia mkutane mjini, maeneo ya Posta, Dar. Ni tapeli. Msinunue kwake hata kichupa cha wino. Wale wa darasa letu mnajua hela ilikuwa mchango wetu na kalamu ilikuwa zawadi ya Mwalimu aliyetufundisha, na ya Jumamosi tulipomkabidhi mliyaona kwa macho yenu, sina haja ya kuyarudia yote.

Naulizwa kila kona, "Lakini wewe uliaminije?" Nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Sikukurupuka. Kuna mwingine alikuwa anauza "Sonnet" hiyohiyo, aina mojawapo ya kalamu za Parker, kwa elfu sitini, huyo nilimpita bila hata kumsalimia, kwa sababu kalamu yenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, ya dhahabu ya karati 18 haiuzwi elfu sitini popote duniani. Huyu alianzia laki nne na nusu. Tukavutana, akashuka kwa shida mpaka laki tatu na themanini, na kila akishuka analalamika kama mtu anayekatwa nyama. Nikamuuliza kwa nini nisichukue ya nibu ya chuma, ni nafuu. Akanitumia ujumbe wa sauti mrefu, ametulia, kwamba kwa mtu anayeandika kila siku dhahabu ina mnyumbuko kidogo na mkono hauchoki. Akanieleza George Parker alivyoanzisha kampuni kule Janesville, Wisconsin, Marekani, mwaka 1888, klipu ya mshale ilivyoanza miaka ya 1930, Parker 51 ilivyoingia sokoni 1941, na kwamba Ujerumani ilipojisalimisha kule Reims, Mei 1945, saini zilitiwa kwa kalamu za Parker 51 na Jenerali Eisenhower wa Marekani akapigwa picha amezishika kwa alama ya V. Nikaenda kuyatafuta yote hayo. Ni ya kweli! Niambieni basi, mtu anayeijua kalamu hivyo utamshuku kwa lipi?

Siku ya kukutana alichagua mgahawa, mchana kweupe, watu wamejaa. Alikuja na mkoba wa ngozi, shati limenyooshwa, miwani, sauti ya chini. Akaagiza chai mbili, akalipa yeye. Akafuta meza kwa leso, akatandika kitambaa cheusi cha mahameli, kisha akavaa glavu nyeupe za pamba. Glavu, jamani! Akafungua kasha polepole. Kasha la Parker, na ndani kile kitabu cha dhamana kimepigwa muhuri. Kalamu nyeusi inang'aa, mshale wa rangi ya dhahabu kwenye klipu. Akawasha tochi ya simu, akainamisha nibu upande wangu: "Soma mwenyewe, dada yangu." Nikasoma: 18K, na chini yake 750. Akanifafanulia kuwa 750 maana yake katika kila sehemu 1000, sehemu 750 ni dhahabu tupu. Hilo nalo ni kweli.

Akatoa kichupa cha Quink, wino wa Parker wenyewe, ya buluu-nyeusi. Akachovya nibu, akaifuta ukingoni mwa chupa taratibu, akanisogezea karatasi nzito ya rangi ya maziwa. "Andika jina la mwalimu wako." Nikaandika majina yake yote matatu. Mstari ulitoka laini, haukwaruzi, haukatiki, wino unameremeta kabla haujakauka. Mliosoma kwake mnaukumbuka mwandiko ule kwenye ripoti zetu, herufi zote zimelala upande mmoja na M zina mkia. Nilimwona Mwalimu akilini mwangu ameshika kalamu ile. Machozi yalinilenga pale mezani na yule mtu aliona, naapa aliona, kwa sababu alingoja wino ukauke, akaikunja karatasi, akanipa na kusema: "Iweke ndani ya kasha. Afungue akute jina lake ndilo la kwanza kuandikwa na kalamu hii."

Nikamwomba aijaze wino kabisa niondoke nayo ikiwa tayari. Akatabasamu: "Hapana dada, tuiache safi, mwenyewe ndiye aijaze." Nikatuma hela palepale. Jina lililokuja ni la mwanamke. "Ni la mke wangu, yeye ndiye anashika hesabu." Nani kati yenu hajawahi kutuma hela likatokea jina la mke wa mtu?

Sasa sikieni mchezo wenyewe. KUCHOVYA. Nibu yoyote ile, hata ya bati, ukiichovya kwenye chupa itaandika mistari ya kwanza vizuri sana, maana wino umeulowesha uso wake wote. Hapo hujajua kama wino unashuka sawasawa kupitia kile kipande cheusi chenye mifereji chini ya nibu, hujajua kama konvata, kile kifaa cha ndani cha kuvutia wino, inabana, hujajua kama kifuniko kinazuia hewa. Ndiyo maana hakuijaza. Alijua ikijazwa tu, siri imetoka.

Mwalimu aliijaza mbele ya watu. Mlioketi mbele mliona wino uliovuja shingoni mwa kalamu, kwenye vidole, mpaka mkono wa shati jeupe. Na Mwalimu kwa heshima yake akasema, "Inaandika vizuri tu, binti yangu," huku vidole amevifunika na leso. Sitamsamehe huyu mtu kwa ajili ya leso ile. Halafu kuna walioanza kunong'ona kwamba nilinunua feki ya bei rahisi nikala chenji. Muamala upo, skrinishoti nimezibandika kwenye kundi, anayetaka kiasi na saa aangalie, asinong'one.

Jumatatu kaka mmoja hapa kazini anayekusanya kalamu aliichukua akaigeuza kidogo tu. Akaleta sumaku ndogo ya kubandikia karatasi kwenye friji, ikaidaka nibu tak! Dhahabu ya karati 18 haidakwi na sumaku. Akasugua ncha na pamba yenye maji ya sabuni, rangi ya dhahabu ikaanza kubanduka, chini chuma cheupe. Kisha akanionyesha ukingo wa kifuniko, pameandikwa MADE IN UK. Kiwanda cha Parker cha Newhaven, Uingereza, kufungwa kwake kulitangazwa 2009 na kazi ikahamishiwa Nantes, Ufaransa. Kwa hiyo tapeli achague: ikiwa ni ya Newhaven, si mzigo mpya kama alivyoapa, ikiwa ni mzigo mpya, haikutoka Newhaven. Kasha na kile kitabu vinauzwa vitupu, kaka ananiambia ni biashara ya kawaida kabisa, na Sonnet ni kati ya kalamu zinazoghushiwa sana.

Nikampigia. Kwanza: "Dada, wino wenu ndio mbaya." Wino ni Quink, uleule alionichovyea yeye! Nikamtumia video ya sumaku. Akaiona, akanifungia. Ukurasa ukabadilishwa jina usiku uleule, picha zilezile, kitambaa kilekile cheusi, glavu zilezile.

Na hajaacha. Sasa ameweka "Montblanc Meisterstück 149" kwa laki tano, "ya mawakili na wakurugenzi". Mnaotaka kumnunulia mtu anayeapishwa uwakili, tafadhalini someni hapa. Ya kweli inapita milioni mbili kwa mbali. Na 149 haina katriji (kile kichupa kidogo cha wino cha kubadilisha) wala konvata, inajazwa kwa kuzungusha mkia wake, wino unavutwa ndani ya mwili wa kalamu. Kwenye picha yake ya tatu ameifungua katikati na konvata inaonekana waziwazi! Kuchonga 4810 kwenye nibu na kubandika nyota nyeupe, zile alama za Montblanc, hata wa vichochoroni anaweza.

Dalili nyingine kwa kifupi, maana nina hasira: akikataa kuijaza, ondoka. Nenda na sumaku. Uliza imetengenezwa wapi kabla hajakuonyesha, kisha usome kifuniko. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hana, alinipa karatasi ya mkono yenye muhuri usiosomeka. Na kama bajeti haifiki dhahabu, nibu ya chuma si aibu hata kidogo. Lamy Safari ya Ujerumani imekuwepo tangu 1980 na nibu yake ni ya chuma, watu wanaandikia kila siku. Pilot Metropolitan vilevile. Hata Jinhao ya China ukiuziwa kwa jina lake na bei yake, huyo muuzaji ni mwaminifu kuliko huyu mwenye glavu. Mwalimu nimempelekea Lamy kwa hela yangu, mchango wenu nitaurudisha.

Lakini huyu lazima ashughulikiwe. Hili si suala la "kuwa makini siku nyingine". Huku ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo kazi yake hii, na polisi wana dawati la makosa ya mtandao. Akamatwe, mzigo wote uchomwe, arudishe hela ya kila mtu, na yule mwenye laini inayopokea naye aitwe aeleze. Mtu anayeona machozi ya mwenzake mezani na kuyatumia kuuzia chuma, mimi simwombei msamaha kwa yeyote.

Naenda FCC wiki hii, kisha polisi. Nimeshapata wengine waliouziwa naye, mmoja alinunua ya baba yake anayestaafu. Kama na wewe ni mmoja wetu, niandikie inboksi kabla sijaenda. Lete kalamu yenyewe, kasha, ile karatasi ya muhuri na muamala. Msizitupe kwa hasira, na msiisafishe nibu. Hivyo ndivyo vielelezo.