Uzoefu wangu: pedali tatu, maiki moja na adapta iliyonitia hasara (Moshi)

Mi napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Moshi, na wikiendi bendi ya washkaji ikipata harusi naenda nao, kwa hiyo vifaa vyangu vinapigwa kazi kweli, sio vya kupigia picha. Hii setapu ninayo mwaka na miezi sasa. Naandika kwa sababu kila nikishuka jukwaani lazima dogo mmoja aje aniulize "kaka hiyo sauti unaitoaje", na nikianza kumjibu kwa habari za adapta na waya namuona kabisa anakata tamaa, alitaka nimtajie pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, akanunue.

Pedali yangu ya kwanza ilikuwa dilei ya mtumba, ile inayorudia sauti kama mwangwi, niliifuata Arusha kwa jamaa mmoja, ilikuja peke yake bila adapta. Nikarudi nayo kwenye Coaster nimeipakata kama mtoto. Kufika home nikachakura droo nikapata adapta ya ruta iliyokufa zamani, jeki inaingia fresh kabisa, nikachomeka. Taa ikawaka, ikazima, halafu ile harufu mnayoijua. Fundi redio wa Majengo kuifungua tu akacheka, akanionyesha kamchoro kadogo pembeni ya tundu la umeme, duara na alama ya kutoa na kujumlisha, akaniuliza "hii ulikuwa unafikiri ni urembo?" Sikuwa na jibu.

Sasa sikia, pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 za DC na katikati ya jeki iwe HASI. Adapta nyingi za majumbani ni kinyume, chanya ndo iko katikati, na yangu juu ya hapo ilikuwa ya volti 12. Soma kale kamchoro kwenye pedali, kasome na kwenye adapta, halafu cheki miliampea, za adapta ziwe sawa au zaidi ya zinazotakiwa, zikizidi hazina shida, pedali inachukua inachohitaji tu. Volti ndo hazitakiwi kuzidi.

Hasara ya pili ilikuwa ya masikio. Nikajipanga tena, nikapata ovadraivu (ile ya kukwaruza sauti) aina ya Tube Screamer ya Ibanez, korasi inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, na dilei nyingine ya dijitali, zote nikazilisha kwa adapta moja yenye mikia mitano. Dilei peke yake safi, ovadraivu peke yake safi, ziwashe zote pamoja inakuja filimbi nyembamba kama mbu sikioni saa nane usiku. Ibadani mchungaji akisema tuombe kimyakimya, kinachosikika ni mbu wangu. Nilibadilisha waya zote nikalaumu mpaka gitaa, kumbe dilei ya dijitali ina saa yake ndani inayopiga muda wote, ule uchafu unapita kwenye waya wa umeme wanaochangia, unaingia kwenye ovadraivu na kazi ya ovadraivu ni kukuza kila inachokipata. Nilijua siku nilipoitoa ovadraivu kwenye mkia nikaiweka betri. Mbu kimya.

Ndo nikanunua pawa saplai ambayo kila tundu limejitenga na lingine. Iliniuma, bei yake imezidi pedali yoyote niliyonayo, na ndo kitu ambacho sijawahi kujutia. Ila angalia, kuna maboksi ya bei chee yameandikwa kuwa matundu yamejitenga na sio kweli. Nenda na multimita, iweke kwenye mlio, gusa katikati, upande wa hasi, kwenye jeki mbili tofauti, ikilia basi hiyo ni mikia mitano imevalishwa koti.

Mkoromo mzito wa chini ni kesi nyingine. Kama gitaa lako lina pikapu za koili moja, vile vidude vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, sio zile za kubebea ndizi, zinadaka umeme wa jengo, taa za tyubu ndo balaa. Geuza mwili taratibu mpaka upate upande unaopungua, usikimbilie kununua pedali.

Kuhusu sauti yenyewe, kwa sebene na mapambio ovadraivu naiweka draivu (mkwaruzo) chini kabisa na levo (ukubwa wa sauti) juu, inapunguza besi na kuinua sauti za kati, hivyo solo inatokeza bila kugombana na besi wala kinanda. Distoshen nzito niliazima nikairudisha, zile nota za kudonoa harakaharaka zinagandana kama ugali uliolala. Mpangilio ni gitaa, ovadraivu, korasi, dilei. Dilei naiweka irudie sauti mara moja tu, kwa mbali.

Maiki. Naiweka mbele ya ampu kupeleka mikisa, na mafundi sauti wote wanataka Shure SM57, maiki ya tangu 1965, haina makuu na haihitaji kulishwa umeme wa 48V kutoka mikisa. Feki zake ni nyingi mno. Duka la kwanza nilipewa moja boksi zuri kabisa, mkononi nyepesi kama kopo tupu, nikamuomba jirani muuza nyama mizani ya dijitali. Orijino ni gramu 284 bila waya, ile haikukaribia, muuza nyama akasema "hata mfupa hamna humu". Nikarudisha, wakanuna, pesa wakatoa. Niliyonayo sasa naisogeza karibu kabisa na wavu wa spika, sio katikati bali pembeni ya kile kikofia cha katikati ya spika, katikati inachoma masikio.

Waya wa gitaa usizidi mita sita kama huna sababu, ukirefuka ule mng'ao wa juu unafifia. Ubao wa pedali nilichongewa na seremala wa Pasua, na zile gundi za kubandua na kubandika nimezing'oa kwenye majaketi ya soko la mitumba la Memorial, zinashika kuliko za dukani.

Ile dilei iliyoungua bado iko kwa fundi Majengo, kila nikipita ananiambia anaitafutia aisii, kile kichipu cha ndani.