Tanuri zuri, koleo la kuniunguza

Naanza na koleo, maana ndilo lililonifanya niandike. Tanuri nitalifikia nikishapoa.

Nilinunua seti nzima ya kuyeyushia alumini nyumbani: tanuri dogo la gesi, chungu cha grafiti, kalibu ya chuma (umbo la kumiminia) na hilo koleo. Koleo lenyewe ni vyuma viwili vyembamba vinavyouma mdomo wa chungu upande mmoja. Mdomo! Chungu cha namna hii hukumbatiwa tumboni, pande zote mbili, kikanyanyuliwa wima. Ukikiuma mdomo kikiwa kimejaa, uzito wote unaning'inia kwenye ukingo, na ukingo ndio wa kwanza kumeguka.

Mara mbili za kwanza Mungu alininusuru. Mara ya tatu nilikuwa nimeyeyusha pistoni kuukuu na vipande vya kifuniko cha injini (makopo ya soda niliyaacha, yananipa takataka nyingi kuliko alumini). Nikanyanyua, nikasikia "tak". Kipande cha ukingo kikabaki kwenye koleo, chungu kikarudi tanurini kiubavu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na yangu ilikuwa imeshapita hapo ili imiminike vizuri. Ikatiririka hadi kwenye tundu la kichomeo, nyingine ikanirukia karibu na buti. Bahati nilikuwa nimetandaza mchanga mkavu chini. Ingekuwa saruji tupu, unyevu uliomo ungegeuka mvuke ghafla na sakafu ingenirushia vipande usoni.

Nikawatumia wauzaji picha tatu. Jibu: "Sasa kaka, ulitaka tuje tukushikie?" Na kikaragosi cha kucheka pembeni. Mtu nusura aungue mguu, wewe unacheka!

Nilipong'ang'ana wakasema sikukikausha chungu. Nilikikausha! Moto mdogo kwanza, nikaongeza taratibu hadi kikaiva chekundu kikiwa kitupu, nikakiacha kipoe humo humo. Ila niseme kweli, kabla ya ile mara ya tatu kilikuwa kimelala nje siku kadhaa, na manyunyu yalipita. Sikukipasha upya. Haya, hapo nina kosa, pengine kosa kubwa. Lakini mbona kimemeguka palepale meno ya koleo yalipouma, na kwingine kote hakina hata ufa?

Sasa tanuri. Inaniuma kulisifia, lakini linawaka vizuri ajabu. Moto unazunguka chungu badala ya kukipiga sehemu moja, na ukuta wa nje unabaki wa kuvumilika. Puli yangu ya kwanza niliyoisubu, yaani kuimimina kwenye umbo la mchanga, ilitoka na vitundu viwili tu, na hivyo ni vyangu, nilikuwa nimelowesha mchanga kupita kiasi. Niliibeba mfukoni siku nzima nikimwonyesha kila mtu. Hata sasa mtu akiniuliza kama anunue, nadhani nitamwambia anunue, koleo alitupe kabla hajafungua mtungi wa gesi.

Nimejitengenezea koleo langu kwa nondo, linashika tumbo la chungu kama mikono miwili. Kazi ya jioni moja. Jioni moja! Wao wameshindwa nini?

Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimerudi kulisoma lile jibu lao, na kile kikaragosi. Moja.