Kabla ya kulipia herufi, hesabu A zilizomo

Pakiti nyingi za herufi za plastiki zinazouzwa Kikuubo na kwenye maduka ya vifaa vya shule Kampala zina herufi 26, kila moja kipande kimoja. Jaribu kuandika "mama" nazo. Haiandikiki. "Baba" vilevile, na "taata" ya Kiganda inadai A tatu na T mbili. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, Kiganda kwa majirani na Kiingereza shuleni hafiki mbali na pakiti hiyo.

Kati ya vifaa vya kumfundishia mtoto kusoma, namba moja kwangu ni kadi za silabi. Kiswahili, Kiganda na Kinyankole vina irabu tano zilezile, na silabi karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo seti moja ya ba-be-bi-bo-bu inahudumia lugha zote tatu. Mtoto anapanga "ka" na "ka", anapata kaka. Anaondoa ya pili, anaweka "ta", tayari ana kata. Za kununua zikikosekana, chukua manila, kalamu nene na mkasi, au peleka kazi kwa wachapaji wa Nasser Road wakukatie na kuziwekea plastiki. Ziwe herufi ndogo, na usisahau ŋ ya Kiganda na ng' ya Kiswahili.

Wenzetu wa Kiacholi waanzie namba mbili: maneno kama "gwok" na "dyel" yanaishia konsonanti, kadi za silabi zitawasumbua.

Namba mbili ni herufi moja moja za mbao. Seremala yeyote mwenye msumeno mwembamba anaziweza. Mwagize A nne au tano, irabu nyingine tatu tatu, na M, T, K, B mbili mbili. Zipakwe rangi upande mmoja tu, maana b iliyopakwa pande zote ikigeuzwa inakuwa d, na mtoto hana njia ya kujua ameikosea. Ukipendelea za sumaku, jaribu kuing'oa kila sumaku kwa kucha ukiwa bado dukani. Ikicheza, iache. Mtoto akimeza mbili zinaweza kunasana ndani ya utumbo, na hapo ni upasuaji.

Tatu, vitabu vidogo vya lugha mbili. African Storybook wana hadithi za bure mtandaoni kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine za Uganda. Chapisha hadithi ileile kwa lugha mbili, ubane kwa stepla. Mtaala wa 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, lakini shule nyingi za Kampala huanza na Kiingereza moja kwa moja, hivyo kusoma lugha ya nyumbani mara nyingi kunabaki juu ya mzazi.

Kibao cha chaki ni cha nne: rahisi, hakifi, vumbi tu. Chati ya ukutani ya "A, apple" ni ya tano. Watoto huiimba yote bila kusoma hata herufi moja.

Mkiani kabisa ni vidude vya betri vinavyoongea. Vinatamka "ei, bii, sii", kisha mtoto akikutana na "ba" anasoma "bii-ei". Kama shangazi ameshakileta zawadi, toa betri, mwache mtoto abonyeze tu.