Lori la jeshi kwa familia ya watu watano: nimekagua manne, nimenunua dogo kuliko yote

Nilipomwonyesha mke wangu picha ya lori la kwanza, aliniuliza swali moja tu: "Watoto watakaa wapi?" Nikamjibu kwamba nyuma kuna mabenchi ya mbao, na askari walikuwa wanajaa humo bila shida. Akarudi jikoni, hakuongeza neno. Miezi saba imepita ndiyo naelewa kwamba ukaguzi wote uliishia pale. Mimi niliongeza safari na mafuta tu.

Tunaishi Fort Worth, Texas. Kazi yangu ni semitela, kwa hiyo malori hayanitishi. Na kabla ya huku nilikuwa utingo wa Scania njia ya Dar–Tunduma. Watoto watatu: wa miaka kumi na minne, tisa na mitano. Tulikuwa na karavani, kile kijumba cha kuvutwa chenye vitanda na jiko. Niliipitisha kwenye mizani ya malori ikiwa na vyombo na maji, ikasoma pauni 6,300. Pikapu yetu ilikuwa inaivuta kwa kulalamika. Nikasema nitafute gari lisilolalamika.

Huku jeshi likimaliza kazi na gari, linapelekwa mnadani, na raia yeyote ananunua kwa simu akiwa amekaa kitandani. Unapewa karatasi iitwayo SF97, na hiyo ndiyo unayokwenda nayo kuombea kadi ya gari. Isome kabla ya kulipa. Humvee niliyoipenda, ile jipu pana ya jeshi, karatasi yake ilikuwa na maneno kwamba ni ya matumizi ya nje ya barabara tu. Ukiacha karatasi, ndani ina viti vinne, na katikati pana nundu pana kama meza ya kulia. Tuko watano. Nikaipita.

Lori la kwanza nililoligusa ni M35A2, ambalo wenyeji huliita Deuce. Muundo wake ni wa kampuni ya REO, mwishoni mwa miaka ya 1940, na ukilitazama unaona hivyo: bati nene, pua ndefu, tairi kumi, ekseli tatu na zote zinasukuma. Injini ni lita 7.8, silinda sita, na inakunywa dizeli, mafuta ya taa na hata mafuta ya ndege. Turbo yake ina mluzi ambao ukiusikia mara moja utautafuta tena. Mwenyewe, mzee mstaafu mkarimu, alinipa ufunguo wa geti lake na kusema, "Zunguka shamba mpaka uchoke." Ufunguo wa gari hakuna, unawasha kwa swichi.

Nilichoka mapema. Stelingi haina pawa, na kukata kona ndogo ni sawa na kufungua geti lililoota kutu. Barabarani linafika maili 55 kwa saa, hapo mnapiga kelele ili msikizane. Kebini ni turubai, na lile la mzee halikuwa na mkanda hata mmoja. Hayo yote ningeyavumilia. Nikaingia uvunguni kuangalia breki.

Hapa naomba nikae kidogo. Breki za Deuce ni za oili zinazosaidiwa na upepo, na masta silinda ni moja kwa magurudumu yote. Hakuna njia ya pili. Silinda ya gurudumu moja ikipasuka, oili inakimbilia huko, pedali inashuka hadi sakafuni, na unabaki na breki ya mkono inayokaba propela shafti. Wapo wanaobadilisha na kuweka mfumo wa njia mbili, na ukinunua Deuce fanya hivyo kabla ya kuwaza rangi. Lakini mimi nimeshuka Kitonga, ule mteremko mkali wa njia ya Tunduma, mara nyingi. Utingo pale Kitonga kazi yake ni kukaa mlangoni na jiwe tayari, kwamba gari likikataa, uruke utie jiwe chini ya tairi. Nimeruka mara mbili. Sasa nimpe nani jiwe, binti yangu wa miaka tisa?

Mzee alitaka dola 7,500. Nikamshukuru, tukanywa kahawa, nikaondoka.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. M1078, la familia ya LMTV, yaani malori mepesi ya jeshi, lililoundwa hapahapa Texas, mji wa Sealy, na kampuni ya Stewart & Stevenson kwa kufuata lori la Kiaustria la Steyr. Injini ya Caterpillar farasi 225, giaboksi ya Allison inayojibadilisha yenyewe gia saba, magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, na ukiwa kwenye kiti unapunguza upepo wa tairi kwa kubonyeza kitufe. Breki ni za upepo kamili, kama za kazini kwangu: upepo ukiisha, springi zinakaba magurudumu zenyewe. Kebini inainuka yote, fundi anaiona injini bila kujikunja. Mwanangu wa mwisho alisimama kando ya tairi, tairi likampita kichwa. Nilipolitoa barabarani nilijisikia niko ofisini, ila ofisi yenye kelele. Kwenye dashibodi kuna kibao kinachokuamuru uzibe masikio.

Viti ni vitatu, na cha kati ni cha mtu mwembamba asiye na haraka.

Nilijaribu kujidanganya. Nikachora kwenye daftari: tunaweka boksi nyuma, madirisha, viti vya basi, mikanda. Nikamwita fundi anayechomelea mabodi, akapima, akataja bei, nikafunga daftari. Hata bila bei, boksi ni chumba kingine. Mtoto akitapika kule nyuma wewe huna habari mpaka kituo cha mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi usipowauliza. Malori haya yana umeme wa volti 24 na soketi ya tela ya pini kumi na mbili. Karavani ya raia ni volti 12. Ukiunganisha kichwakichwa unaunguza taa zote, na breki za umeme za karavani hazitafanya kazi bila kifaa cha kushusha volti na kidhibiti chake. Ndoano ya nyuma nayo ni ile ya taya inayoshika pete, si mpira ambao karavani inakalia. Kila kimoja kina dawa yake dukani. Ukijumlisha dawa zote, lile lori la bei rahisi linakuwa limekwisha kuwa na bei ya gari. Na chama cha wenye nyumba mtaani kwetu, kinachopima urefu wa majani, kisingelala na kile kitu kando ya barabara.

Basi nikashuka ngazi hadi CUCV. Hizi ni Chevrolet za kawaida za miaka ya 80 zilizovishwa sare. Injini ya dizeli V8, lita 6.2, farasi 135, giaboksi ya kujibadilisha gia tatu. M1008 ni pikapu, na ina difu za 4.56 (namba kubwa ni nguvu ya kuvuta, ndogo ni mwendo): inavuta kama punda wa Lamu, ila ukifika maili 55 injini inalia. Nayo ni kiti kimoja kirefu cha watu watatu. M1009 ni Blazer, yenye kiti cha nyuma. Watano tunaenea. Difu zake ni 3.08, kwa hiyo maili 65 inakwenda kwa utulivu, lakini kuvuta pauni 6,300 kwa farasi 135 na difu hizo ni kuitesa mashine na madereva walio nyuma yako.

Mke wangu ndiye aliyeukata mzizi. "Sisi tunakwenda kupiga kambi au tunahama?" Tukauza karavani, tukanunua tela la hema linalokunjuka, kwenye mizani pauni 1,900 na mizigo yake. Gari likachaguliwa na idadi ya watu, tela likachaguliwa na gari.

M1009 yetu ni ya 1985. Nililipa dola 6,200, na gereji ikala 2,900: mipira ya breki yote, masta silinda, tairi tano, na kidhibiti cha breki za tela. Kiti cha nyuma kilikuwa na mikanda ya kiunoni tu. Kiti cha mtoto mdogo kinafungika na mkanda wa kiunoni, lakini yule wa miaka tisa anakalia kinyanyuo, na kinyanyuo kinataka mkanda unaopita begani. Tukachomeleshewa vishikio vya mikanda ya bega pembeni zote mbili. Anayefikiria gari la umri huu aianze bajeti yake hapo, redio itafuata.

Umeme wake ni kichekesho chenye akili. Betri mbili za volti 12 zimeungwa kutoa 24 kwa stata, lakini taa na mengine ni volti 12, kwa hiyo taa za tela hazina ugomvi. Alteneta ni mbili. Plagi za kupasha moto injini zinapata umeme wa 24 uliopunguzwa na vipingamizi; rilei ikiganda, plagi zinaungua na kuvimba humo ndani, na kuzitoa ni sala. Mimi nimeweka mfumo wa volti 12 na kitufe cha mkono. Nahesabu hadi nane, nawasha.

Oktoba tulikwenda Palo Duro Canyon, kwa barabara ya 287 kupitia Wichita Falls na Childress. Nasema Oktoba kwa makusudi, kwa sababu hii gari haikuletwa duniani na kiyoyozi. Mwezi Julai huku, viti vyake vya plastiki vinakubandika kama chapati kwenye kikaango kikavu. Ilikunywa galoni moja kwa maili 14 tukiwa na tela. Mlimani lori la mchanga lilitupita, dereva akatupungia. Kuingia bondeni kuna mteremko wa asilimia kumi, nikashusha gia ya kwanza, pua chini, mkono juu ya kidhibiti cha tela. Breki hazikunuka. Bintiye mama yake akaniuliza kwa nini naongea peke yangu. Nilikuwa nahesabu kona za Kitonga.

Aibu ilikuja kesho yake. Kuna swichi ya taa za vita, inayozima taa zote zionwazo na adui, pamoja na za breki na honi. Mwanangu mdogo aliigeuza tukiwa dukani. Nilizunguka mji mzima wa Canyon nikifunga breki bila taa, mpaka mama mmoja akanisimamisha kwa kunipigia honi na kunifokea. Alikuwa na haki. Sasa swichi ile ina kifuniko.

Rangi ya madoa ya kijani nimeifuta, nimepaka rangi ya maziwa. Si kwa ajili ya chama cha mtaa. Nilipompigia mama simu ya video kule Makambako, akaliona lile gari nyuma yangu na madoa yake ya kivita, akashusha sauti: "Mwanangu, hilo la jeshi umelitoa wapi? Lirudishe la watu usiku huuhuu." Kwetu kuvaa tu kofia ya madoa ni kesi, sasa gari zima! Nilimweleza habari za mnada, hakuamini hata kidogo. Baada ya rangi ameridhika, anadhani nililirudisha.

Alama zangu, kwa viti badala ya nyota: vinne kati ya vitano kwa kubeba familia, vitatu kwa kuvuta, viwili kwa joto. Spea nazipata duka lolote la kona kwa kuwa ni Chevrolet. Bado linavuja oili kidogo kwenye transifa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, nimeliwekea sinia.

Yule mzee wa Deuce hajakata tamaa. Kila Jumamosi ananipigia, na wiki iliyopita ameshuka hadi dola 5,500, na amesema breki kaziweka njia mbili. Simu yake naipokelea nje, barazani, mlango nimeurudishia.