CRP: Serikali ya Marekani inapokodi shamba lako ili lilale

Mpango wa CRP (Conservation Reserve Program, wa kuhifadhi ardhi) ulianza na sheria ya kilimo ya 1985 na haujabadilika sana: unaacha kulima kipande kinachomomonyoka, unakiotesha nyasi au miti, na serikali inakulipa kodi kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15. Pesa huingia Oktoba. Magharibi mwa Kansas, ambako mvua haina ahadi, haya ni mapato ambayo ukame hauyagusi, na kwa hilo mpango unastahili sifa.

Kiwango ndicho kinachokera. Chini ya sheria ya kilimo ya 2018, kodi ya maombi ya kawaida haivuki asilimia 85 ya wastani wa kodi ya mashamba katika kaunti, ikirekebishwa kwa ubora wa udongo, na mtu mmoja hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Mwenye udongo mzuri ni bora akodishe kwa jirani. Mwenye mteremko unaochukuliwa na upepo kila Machi, huyo ndiye aende ofisi ya FSA, wakala wa serikali wa huduma za wakulima, ya kaunti yake.

Huko wataangalia kama umemiliki au kuendesha shamba hilo kwa miezi 12, na kama lililimwa miaka 4 kati ya 6, 2012 hadi 2017. Kisha maombi hupewa alama na kushindanishwa. Alama hupanda ukichagua mchanganyiko wa nyasi za asili wenye aina nyingi, na pia ukikubali kodi chini ya kiwango cha juu. Usijipunje lakini: utaishi na bei hiyo mkataba mzima.

Mambo huharibika zaidi kwenye mbegu. Lebo ya mfuko ina viwango viwili vya asilimia, cha usafi na cha uotaji, vizidishe. Usafi 80 na uotaji 75 ni asilimia 60, yaani pauni 10 za mfuko zina pauni 6 tu za mbegu hai. Mpango wa upandaji ukisema pauni 6 kwa ekari, unahesabu mbegu hai, basi weka 10. Anayeweka 6 za mfuko, nyasi zake huota mabaka mabaka, na huenda akaambiwa apande upya. Nyasi kama big bluestem zina mbegu zenye manyoya. Hukwama kwenye mashine ya kupandia ngano, kwa hiyo tafuta yenye sanduku lake maalumu. Kina ni robo hadi nusu inchi. Udongo uwe umeshindiliwa kiasi kwamba kiatu kinaacha alama tu, hakizami.

Mwaka wa kwanza utaona magugu matupu. Usikate tamaa, nyasi hizi hutangulia kushusha mizizi. Ila usifyeke kabla ya kuuliza ofisini, hasa msimu wa ndege kuatamia, ambao Kansas ni 15 Aprili hadi 15 Julai.

Serikali hurudisha hadi nusu ya gharama za kuotesha, baada ya kazi. Tunza risiti pamoja na lebo zenyewe za mifuko.

Kutoka ni ghali. Ukivunja mkataba unarudisha kodi yote uliyokwisha kupokea, pamoja na riba, na juu yake faini ya asilimia 25 ya kodi ya mwaka mmoja. Ukiuza shamba na mnunuzi akakataa kuurithi mkataba, deni hilo linakufuata wewe uliyeuza, kwa hiyo liandikwe kwenye hati ya mauzo kabla ya kupeana mkono.