Nobler: uifunge Fox 35 au O.S. 46 LA?

Nobler, ndege ya mfano ya nyaya (huruka ikimzunguka rubani aliyezishika akiwa ardhini) iliyobuniwa na Mmarekani George Aldrich, ina mabawa ya takriban sentimita 127. Ni ya enzi za injini ndogo nyepesi, na hapo ndipo mvutano unapoanza: uifunge injini ya Fox 35, au O.S. 46 LA iliyo kubwa zaidi?

Fox 35 ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 5.8 na uzito usiofika gramu 200. Raha yake ni mlio. Ndege ikienda sambamba na ardhi, injini hunguruma kwa uvivu kwa sababu mafuta yamezidi kwenye mchanganyiko wake na hewa. Pua ikiinuka, mlio hukaza na nguvu huongezeka bila wewe kugusa kitu. Ila kwenye kona kali hucheua, yaani husita kidogo, kama mtoto aliyeshiba maziwa. Tena ni mlafi wa mafuta ya nyonyo: mchanganyiko wake uwe na angalau robo. Ukimbania, utaua pistoni.

O.S. 46 LA, ya sentimita za ujazo 7.5, huwaka upesi na haina deko. Husukuma propela ya inchi 11 au 12 kwa utulivu hata upepo ukiwapo. Tatizo ni uzito: ongeza ekzosi yake na tangi kubwa zaidi, pua inalala. Utalazimika kubandika kipande cha madini ya risasi mkiani ili kusawazisha, na ndege nzito hugeuka kwa uzito.

Kwa Nobler iliyojengwa kwa balsa nyepesi, mimi nafunga Fox. Ikiwa imepakwa rangi nzito na mkia umeshalemea, 46 LA.