Chujio la udongo kwa maji ya kisima: nimeridhika, ila chumvi haliondoi

Huku Mtopanga, Mombasa, maji ya mfereji huja yanapotaka. Yakikatika, tegemeo ni kisima cha uani, na chetu, kama vingi vya Kisauni, hakiko mbali na choo cha shimo. Mwamba wa Pwani ni matumbawe, umejaa matundu, kwa hivyo uchafu wa chooni haukawii kufika kisimani. Masika yakianza, watoto huharisha nyumba nzima. Kuchemsha nako kunataka makaa kila siku, na makaa ni pesa.

Wapangaji tulichanga tukanunua chujio la udongo: chungu kilichokaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye bilula. Udongo wake huchanganywa na unga wa mbao, ambao huungua tanuruni na kuacha vitundu vidogo mno. Maji hupenya, vijidudu vingi hubaki. Kisha chungu hupakwa dawa ya madini ya fedha inayosaidia kuviua.

Maji yanatoka meupe, hayana harufu, na yana ubaridi kama ya mtungini. Watoto wanayapenda, na mimi moyo umetulia.

Lakini ni la polepole. Kwa saa hutoa lita moja hadi tatu, basi. Sisi hulijaza usiku, asubuhi kila chumba kinapata ya kunywa. Ya kufulia na kuogea chota kisimani moja kwa moja. Maji yakiwa na tope, yapitishe kwanza kwenye leso safi, la sivyo chungu huziba. Kikiziba, kisugue ndani kwa brashi na maji safi, bila sabuni. Sabuni ni ya ndoo ya chini, maana ndoo chafu huharibu kazi yote.

Muuzaji alituambia linaondoa na chumvi. Si kweli, na imeniudhi, kwa sababu watu wa visima vya chumvi watatoa pesa zao bure. Wala halizuii virusi vyote. Kukiwa na tangazo la kipindupindu, sisi hutia dawa ya klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo cha kwenye chupa, tukasubiri nusu saa. Usiitie chunguni, itaharibu ile dawa ya fedha. Na mwenye mtoto mchanga wa maziwa ya kopo asitumie maji haya ya kisima kumkorogea: naitreti, yaani kemikali zitokazo kwenye uchafu wa chooni, haziondoki kwa chujio hili wala kwa kuchemsha, na kwa mtoto wa umri huo ni hatari.

Bilula ilianza kuvuja mapema, ikabidi tutafute nyingine mjini. Ukienda kununua, kigonge chungu kwa kidole: kizima hulia ting, chenye ufa sauti yake hufa. Chenye ufa usikichukue hata ukipunguziwa bei, maana maji yatapita ufani bila kuchujwa.